Dogo, kidole kikikubali usishangilie bado

Nimepitia kazi za vijana wetu wapya nikacheka kwanza ndo nikakasirika, yaani ni yale yale ya miaka yote. Haya wadogo zangu mnaoweka alama za vidole na sura kwenye programu za huduma za serikali, sikilizeni.

1. Simu haimjui mwananchi. Inajua tu kidole hiki kilisajiliwa humu, kiwe cha mwenye simu au cha mtoto wake anayetaka gemu. Mtu anatambuliwa siku anaunganisha simu na kitambulisho chake, hapo ndo mkaze.

2. Hili lilinitoa jasho. Programu yangu ya kwanza, simu ikikubali kidole inaitumia seva neno moja tu, "ndiyo", seva inafungua taarifa za mtu. Kwenye majaribio inateleza, mabosi wanapiga makofi, kichwa kikanivimba. Akaja mkaguzi wa usalama, dada mpole hata sauti hapandishi, akashika simu iliyorutiwa, yaani iliyoondolewa ulinzi wake wa ndani, akawasha Frida, zana ya kuchezea programu ikiwa inafanya kazi, akailazimisha programu iseme ndiyo, huyo ndani, kidole hajaweka kabisa! Nikabisha, eti nani atahangaika hivyo, akaniuliza kwani seva yako inajuaje kama kuna kidole. Kimyaaa. Nikafumua kila kitu: ufunguo wa siri unazaliwa ndani ya Keystore, ile hifadhi ya funguo iliyolindwa kwenye simu za Android, na hautoki humo, kwa iPhone ni Secure Enclave, kidole kinaruhusu tu utumike, seva inatuma namba mpya ya kubahatisha kila mara, ufunguo unaisaini kidijitali, seva inahakiki saini. Programu iseme ndiyo hata mara mia, bila saini haingii mtu.

3. Kidole kipya kikisajiliwa kwenye simu, ufunguo wa zamani ufe, maana huenda hicho kidole si cha mwenyewe. Watumiaji watalalamika, waacheni walalamike.

4. Msirundike vidole vya watu kwenye seva kama simu inaweza kuhakiki yenyewe. Mwaka 2015 Marekani ilikiri alama za vidole za watu milioni 5.6 zimeibwa kwenye ofisi inayosimamia watumishi wa serikali, na hao hawawezi kupewa vidole vingine.

5. Wekeni njia mbadala, kuna wazee na mafundi ambao vidole vyao vimesagika kwa kazi. Ila isiwe mlango wa uani! Kuna mtu hapa kaweka kidole na sura kwa mbwembwe, halafu ukibonyeza "nimeshindwa" unaingia kwa tarehe ya kuzaliwa. Anajijua, na Jumatatu nataka niikute imetoka.