Wembe usiguse ufito: kwa anayetaka kubadili pete za fimbo ya kuvulia samaki ya kaboni

Mkuu, weka huo wembe chini kwanza.

Nimesoma swali lako mara mbili nikidhani nimeona vibaya. Unasema fimbo yako ya kaboni, ile ya rili ya kuning'inia chini, ina pete tatu (vile vijiduara vinavyopitisha mshipi) ambazo kauri yake ya ndani imepasuka, ncha imekatika kama kidole kimoja, na kishikio cha rili kinacheza kwenye mpini. Unauliza uzi upi wa kufungia pete, epoksi ipi, ile gundi ngumu ya kuufunika, na pete zipangwe vipi. Sawa. Lakini katikati umeandika, kama jambo la kawaida kabisa, kwamba jioni hii utachana uzi wa zamani kwa wembe "upande wa mgongo ambako hakuna chuma", kisha utazungusha wembe kwenye ukingo wa epoksi ili itoke safi, na mabaki utayapitishia moto wa kiberiti cha gesi.

Usifanye. Hata moja kati ya hayo matatu usilifanye.

Njia hiyo naijua vizuri, ndiyo niliyoelekezwa na mtu niliyemwamini, na ndiyo iliyoniulia fimbo niliyoipenda kuliko zote nilizowahi kushika. Kwa hiyo nisamehe nikiandika kwa ukali. Uzi unakatwa juu ya mguu wa pete tu, yaani kile kipande cha chuma cha pete kinacholala kwenye ufito, mwili wenyewe wa fimbo. Chini ya makali ya wembe lazima kuwe na chuma. Hakuna chuma, hakuna kukata.

Sababu yake ni hii. Ufito wa kaboni ni bomba lenye uwazi ndani, na kwenye theluthi ya juu unene wa ukuta wake mara nyingi haufiki milimita moja. Nyuzi nyingi za kaboni zimelazwa kwa urefu, kutoka mpini hadi ncha, na hizo ndizo zinazobeba samaki. Nyingine chache, au kitambaa chembamba cha faiba, yaani nyuzi za kioo, zinazunguka ili bomba lisibonyee linapopindwa. Ukichana uzi kwa urefu kule mgongoni, wembe unapita kwenye zile zinazozunguka. Ukizungusha wembe kwenye ukingo wa epoksi, unakata zile ndefu moja baada ya nyingine. Na huwezi kujizuia, maana uzi ni mwembamba, epoksi ni ngumu, na ikishaachia wembe unashuka wote kwa mara moja.

Sasa angalia fimbo yako inavyopinda. Pete ziko chini, upande wa tumbo. Samaki akivuta, tumbo linabanwa na mgongo unavutwa. Upande uliochaguliwa uchanwe, eti kwa sababu hauna chuma, ndio huo unaovutwa kuliko pande zote. Fundi wa vioo hakati kioo mpaka kitengane. Anakikwaruza mstari mmoja mwembamba, anakibonyeza, na kioo kinaachana kwa kuufuata ule mstari. Wembe wako utafanya kazi hiyohiyo kwenye kaboni, ila atakayebonyeza ni samaki, na saa ya kubonyeza anachagua yeye.

Tena ubaya wa mkwaruzo huo ni kwamba haukuadhibu siku hiyohiyo. Mimi niliivalisha fimbo yangu pete mpya, ikapendeza, nikavua nayo samaki wadogo karibu msimu mzima bila shida yoyote. Nilikuwa hata nawasifia wengine ile njia. Kisha akashika samaki wa maana, wala si wa kutisha, wa kawaida kwa fimbo ile. Nikasikia mlio mmoja mkavu, na mkono ukawa mwepesi. Juu ya pete ya tatu hapakuwa na fimbo tena. Kipande cha juu kilikuwa kinateleza kwenye mshipi kuelekea majini.

Nilikipata kile kipande, na nilikaa nacho muda mrefu. Kaboni iliyozidiwa na mzigo huvunjika kwa kuchanika: nyuzi zinatoka nje, ndefu na fupi, ukishika zinachoma vidole. Mvunjiko wangu ulikuwa hivyo upande wa tumbo tu. Upande wa mgongo, nusu nzima ya mduara, ulikuwa umekatika laini na umenyooka. Mstari ulikuwa palepale uzi wa zamani ulipoishia, na milimita moja pembeni yake kulikuwa na mstari wa pili, mfupi, pale wembe ulipoteleza nikarudia. Nilipozivua pete nyingine na kuangalia chini yake kwa lenzi, kila moja ilikuwa na mkwaruzo wake. Fimbo nzima ilikuwa imechorewa mahali pa kuvunjikia, ikawa inasubiri mojawapo itangulie.

Vipande nikavipeleka kwa yule aliyenielekeza, mtu anayejitambulisha kama fundi wa fimbo na anayefundisha wengine. Kwanza akasema samaki alikuwa mkubwa mno. Nilipokataa, akasema ufito ulitoka kiwandani na kasoro. Nikamwonyesha mstari wa wembe, akaniambia hiyo ni rangi tu imepasuka. Hasira yangu mpaka leo haiko kwenye fimbo, maana fimbo ni kitu na kitu huharibika. Inaniuma kwamba aliuona mstari kwa macho yake, akachagua kuulinda usemi wake, na naamini wiki iliyofuata alimwelekeza mtu mwingine vilevile. Nikisoma swali lako naona maneno yake yaleyale, "upande wa mgongo ambako hakuna chuma", kama yalivyotoka kinywani mwake.

Najua pia yalikotoka, na kwa haki nitayasema. Kabla ya kaboni kulikuwa na fimbo za faiba, ambazo zilitawala tangu baada ya Vita Kuu ya Pili. Kaboni iliingia sokoni miaka ya 1970. Fenwick ya Marekani ilitoa yake mwaka 1973. Faiba ina ukuta mnene, na nyuzi za kioo zinavumilia kuvutwa zaidi ya mara mbili ya kaboni, ambayo hukatika ikivutwa asilimia 2 hivi ya urefu wake, au chini ya hapo. Kwa hiyo mtu alichana fimbo ya faiba mgongoni kwa wembe, akavua nayo miaka, akamfundisha mwanafunzi, na mwanafunzi akaja kuchana kaboni. Mdau aliyeandika hapa jukwaani kwamba amechana hivyo maisha yake yote na hajavunja kitu, tafadhali atuambie ni fimbo ya nini. Na kama ni kaboni, aende akaiangalie kwa lenzi leo, asingoje samaki amwonyeshe.

Sasa namna ya kufanya. Chukua wembe mpya, maana butu unalazimisha mkono usukume. Laza fimbo mahali isipoyumba, mguu wa pete ukikutazama. Wembe ulale, usisimame. Paruza epoksi juu ya mguu kidogo kidogo kwa kufuata urefu wake. Kwanza vinatoka vipande vyembamba vinavyong'aa, kisha unaiona rangi ya uzi imekuwa vumbi, kisha chini yake chuma kinametameta. Mguu una upana wa milimita mbili tatu tu, kwa hiyo ukiona wembe unataka kushuka pembeni, simama, geuza fimbo, anza upya. Chuma kikishaonekana kutoka pale mguu unapoanzia hadi unapoishia, wembe umemaliza kazi yake. Uweke mbali, ikiwezekana chumba kingine.

Tikisa pete taratibu, itaachia. Kinachobaki ni ganda la uzi na epoksi lenye mfereji mahali mguu ulipokuwa. Hapa ndipo watu wanaporudia wembe kwa kukosa subira. Usiurudie. Ule uzi uliolala moja kwa moja juu ya ufito, mbele ya mguu, haukatwi, unafunguliwa. Tafuta mwisho wake, uvute kwa kuuzungusha, nao utakuja ukiburuta epoksi. Ukigoma, puliza kwa draya ya nywele mpaka epoksi iwe ya moto kiasi ambacho kidole kinavumilia kwa shida. Itakuwa laini, na ukucha wa kidole gumba utaiondoa. Ukucha ukishindwa, tumia kadi ngumu ya plastiki. Mabaki membamba kabisa yanayoshika ufito unaweza kuyaacha, uzi mpya utayafunika, na hakuna samaki atakayeyaona.

Msasa nao uache. Ukiona kwenye ufito mistari inayopanda kwa kuzunguka, hiyo si kasoro. Ni alama za utepe uliobana kaboni wakati inaokwa kiwandani, na baadhi ya watengenezaji wanaiacha makusudi kwa sababu kuisaga ni kupunguza ukuta.

Na kiberiti cha gesi, hapana. Epoksi iliyoshika kaboni yako iliivishwa kwenye tanuri, kwa kawaida joto likiwa kati ya nyuzi 120 na 180 za selsiasi. Mwali wa kiberiti unazidi nyuzi 1,000. Hutaona kitu; pengine rangi itafifia kidogo. Lakini gundi inayoshikanisha nyuzi itakuwa imeungua, na nyuzi zisizoshikana hazibebi mzigo pamoja. Draya imetosha kwa kila kitu nilichowahi kukibandua. Kama una mashine ya hewa moto ya karakana, iache huko karakana.

Jambo jingine ambalo hukuuliza na ni la kanuni ileile: pete mpya. Zigeuze uangalie chini ya miguu. Nyingi zinatoka kiwandani na ncha iliyokatwa kwa mashine, yenye makali madogo unayoyasikia ukipitisha kidole. Hayo makali, yakibanwa na uzi juu ya ufito unaopinda kila siku, ni wembe mwingine uliouacha ndani. Chukua tupa ndogo, laza mteremko wa mguu uishe mwembamba kabisa, kisha uulainishe kwa chini. Uzi wenyewe utakushukuru, maana utapanda juu ya mguu bila kuacha pengo. Mimi hapa natumia muda mrefu kuliko kwenye kufunga uzi.

Ncha iliyokatika kidole kimoja si msiba. Usiiunge. Punguza mpaka ufikie mahali ambapo kaboni haijachanika, ukikata kwa tupa nyembamba huku umezungushia tepu ya karatasi ili nyuzi zisitoke, na vaa barakoa, vumbi la kaboni si la kuvuta. Pima kipenyo, tafuta pete ya ncha yenye tyubu inayoingia bila kulazimishwa, bandika kwa gundi ya kuyeyuka. Pasha moto tyubu na gundi, si ufito. Fimbo itakuwa ngumu kidogo zaidi juu, basi.

Uzi, wowote wa nailoni mwembamba wa kufungia pete unafaa. Anza kwenye ufito na upande kuelekea pete, mizunguko ikigusana. Epoksi ni ya sehemu mbili zilizo sawa, pima kwa bomba la sindano, usikisie kwa macho. Changanya polepole, paka mara mbili nyembamba badala ya moja nene, na fimbo izungushwe mpaka ishike isije ikachuruzika upande mmoja. Mafuta yenye silikoni yasiwe karibu na mikono yako siku hiyo, maana epoksi inayakimbia na kuacha mashimo.

Ukimaliza kuvua pete, kabla ya kufunga mpya, pitisha ukucha kwenye ufito kwa urefu, taratibu, pale kila uzi ulipokuwa. Mkwaruzo wa rangi ukucha unapita juu yake. Mkwaruzo ulioingia kwenye kaboni ukucha unakwama. Ukikwama popote, usifunge pete juu yake ukatumaini uzi utaushika. Hautaushika, nilishatumaini hivyo. Paweke alama, niambie pako wapi kutoka kwenye ncha, tutaona kama panazungushiwa kwa nje au fimbo ifupishwe.

Kwa leo vua pete moja tu, ile iliyo karibu zaidi na mpini, ambako ukuta ni mnene na mkono ukiteleza hasara ni ndogo. Weka picha hapa ya mahali ilipokuwa, upande wa mgongo na upande wa tumbo, kabla hujagusa ya pili.