Ingia kwenye kikundi, mwanangu

Mwanangu,

Barua yako nimeipata. Umeuliza kama wewe, mhasibu, utafaa kwenye kikundi cha kusoma vitabu vikuu vya kale vya Magharibi ilhali wenzako wengi ni walimu wa fasihi. Unaogopa kuaibika.

Ingia. Ila chunguza kwanza hao walimu wanakuja kusoma au kufundisha. Wakija kufundisha, muda utaisha kwa habari za mshairi Homer wa Wagiriki wa kale, alikuwa nani na kama kweli aliishi, na wewe utabaki kuitikia tu. Katika chuo cha St. John's, Annapolis, Marekani, tangu 1937 wanasoma vitabu hivi kwa majadiliano. Mwalimu anafungua kwa swali, na aliyesomea hisabati anaweza kuongoza mjadala wa Homer. Mhasibu anakosa nini hapo?

Mmeanza na Iliad, utenzi wa Homer wa vita vya Troy, wenye sehemu 24 ziitwazo vitabu; vizuri. Vumilia orodha ya merikebu katika kitabu cha 2 (mimi huipitia mbiombio) mpaka mfike cha 24, cha mwisho. Mfalme Priam wa Troy anaingia usiku katika kambi ya adui, anayashika magoti ya Achilles, shujaa wa Wagiriki, anaibusu mikono iliyowaua wanawe, anaomba maiti ya mwanawe Hector. Wanalia wote wawili: mzee anamlilia mwanawe, Achilles anamlilia baba yake, mara Patroclus, rafiki yake aliyeuawa na Hector.

Niliwahi kukaa kwenye mjadala wa sehemu hiyo. Mwalimu mmoja mzoefu akasema huo ni upatanisho, akawa kama amefunga kitabu. Binti mmoja mwanafunzi akauliza, "Mbona mbele kidogo anamtisha?" Tukatazama. Kweli, Priam anakataa kuketi, anataka maiti upesi, na Achilles anamkunjia uso, anamwonya asimchokoze asije akamuua. Kisha anaagiza maiti ioshwe kando, mzee asiione akapandwa na hasira, naye Achilles akashindwa kujizuia. Mwalimu akairudia mistari ile polepole, akaliondoa neno lake. Tukabaki kuulizana: mtu anayejua kwamba anaweza kuua, akapanga mapema asiue, tumwite mpole? Tuliachana tukiwa bado tunabishana.

Swali la yule binti halikuhitaji shahada. Lilihitaji mtu aliyesoma mpaka mbele.

Wala usivisujudie vitabu hivi kwa kuwa vinaitwa vikuu. Vyenyewe vinagombana. Plato, mwanafalsafa wa Kigiriki, katika kitabu chake Republic, anataka mistari inayomwonyesha Achilles akigaagaa kwa majonzi, na Priam akigaagaa kwenye mavi, ifutwe. Msomeni baada ya Homer, mtapata la kubishania.

Kubalianeni tafsiri moja, yenye namba za mistari. Bila hivyo nusu ya kikao itaishia kwenye "uko ukurasa wa ngapi?" Utangulizi wa kitabu usome mwishoni, na kalamu ya risasi uende nayo.

Mama yako anakusalimu.

Baba