Msingi umesimama, hela imekata: kiwanja kitachukuliwa?

SWALI: Shikamoo mzee wangu. Mi ni mama wa dagaa hapa Kigoma, kiwanja changu kipo Gungu, kina hati toka 2021, nilichimba msingi nikajenga mawe mpaka nikamwaga jamvi, afu 2024 Ziwa Tanganyika likafungwa tusivue tarehe 15 mwezi wa 5 mpaka 15 mwezi wa 8, miezi mitatu yote mtaji tukaula na watoto na kikoba kinanidai mpaka leo. Juzi mtu mmoja wa ofisini akaniambia kwa mdomo tu eti muda wa kuendeleza umeisha, kiwanja kinarudi serikalini. Jirani ananishauri niuze fasta hata kwa hasara ninunue kipande cha bei poa huko kando ya ziwa, hakuna kibali wala ramani, nijenge mdogo mdogo. Nifanyeje?
Mama Dagaa, Gungu

JIBU: Marhaba mwanangu, pole sana. Kwanza usiuze. Nasema hivyo kabla ya kitu kingine maana maneno kama hayo uliyoambiwa ndo yanafanya watu wauze ploti kwa bei ya kutupa, na mnunuzi mara nyingi yupo karibu anasubiri.

Hati haichukuliwi kwa mdomo. Kweli masharti yapo, hati nyingi za makazi zinataka nyumba iishe ndani ya miezi 36, toa yako kabatini uisome imeandikaje. Ila kuvunja sharti na kunyang'anywa ni vitu viwili, katikati kuna njia ndefu. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inamtaka Kamishna wa Ardhi aangalie kosa ni zito kiasi gani na nini kilifanya mtu ashindwe, anaweza kupiga faini, anaweza kukupa notisi ya maandishi urekebishe, na kufuta hati yenyewe ni mamlaka ya Rais. Sasa we una sababu, tena sababu yenye tarehe, kila mtu Kigoma anajua ziwa lilifungwa lini. Andika barua ya kuomba kuongezewa muda, peleka kwa Kamishna Msaidizi wa Ardhi wa mkoa (ofisi hizo zipo mikoani toka 2020, huna haja ya kupanda treni mpaka Dodoma), ambatanisha kopi ya hati, picha za msingi, na daftari la kikoba kama unalo. Hakikisha nakala yako inagongwa muhuri wa kupokelewa. Na kodi ya pango la ardhi ilipe hata kama unakula mlo mmoja, deni la pango ndo linawaponza wengi kuliko hiyo miezi 36.

Hapa niseme langu. Hii miezi 36 imewekwa kwa mtu mwenye hela yote mkononi, na Kigoma watu wa hivyo ni wachache mno. Sisi tunajenga kwa msimu, mwaka huu msingi, mwakani tofali za kuchoma, lenta inasubiri mawese, bati linasubiri mtoto amalize ada. Vyuma vikikaza hata huo mwendo unasimama. Wenzetu yalipowakuta waliligusa hili la muda. Ulipokuja mtikisiko wa uchumi wa 2008 Uingereza waliweka utaratibu 2009 wa kuongeza muda kwa vibali vya ujenzi vilivyokwisha kutolewa ila kazi haijaanza, na Ayalandi 2010 wakabadilisha sheria yao ya mipango, mwenye kibali akionyesha kwamba hali ya uchumi iliyo nje ya uwezo wake ndo imemkwamisha aliweza kuongezewa mpaka miaka mitano. Kwa nini na sisi isiandikwe wazi hivyo, mama wa dagaa asiende ofisini kama mtu anayeomba msamaha? Natamani sana madiwani na wabunge wetu walibebe hili.

Lakini muda ndo wa kulegeza, mahali hapana, na hapo sikubaliani kabisa na jirani yako. Sheria ya Mazingira ya 2004 imekataza ujenzi wa kudumu ndani ya mita 60 toka ukingo wa ziwa, na hata sheria isingekuwepo, ziwa lenyewe linaongea. Nenda pale Ujiji penye kumbukumbu ya Livingstone na Stanley walipokutana 1871, enzi hizo maji yalikuwa karibu na hapo, leo unatembea kabisa kuyafikia. Mto Lukuga, unaotoa maji ya ziwa kule Congo, ulifunguka miaka ya 1870 mwishoni ziwa likashuka, 1964 likapanda sana, na miaka hii ya karibuni limepanda tena, waliojenga ufukweni wamehama na vitanda kichwani na wenzao wa Bujumbura vilevile. Kipande cha bei poa huko, kuna mtu maji yalimtoa.

SWALI: Mkuu mi fundi ujenzi Ujiji, kazi hamna kabisa, nashinda kijiweni. Kwa nini serikali isifute vibali kwa miaka miwili tu kila mtu ajenge anapotaka, sisi tupate riziki?
Fundi, Ujiji

JIBU: Nakuelewa mdogo wangu, fundi anakaa njaa kabla ya mtu mwingine yeyote. Ila hao hao Ayalandi kabla ya 2008 walikuwa wanajenga popote benki ilipotoa mkopo, walipokuja kuhesabu 2010 wakakuta mitaa ya nyumba ambazo hazijaisha zaidi ya 2,800, mingine haina taa wala mabomba ya maji taka, na mafundi wakawa wa kwanza kupoteza kazi wakahamia nchi za watu. Na hapa kwetu, ule mradi wa miji ya kimkakati ulioanza 2010 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, Kigoma/Ujiji tulikuwemo, lami ilipita. Kila mtu akijenga anapotaka mtaa unabanana, na lami kama ile haipiti mpaka nyumba za watu zipigwe X ya kubomolewa.

Mi ningetaka halmashauri itoe kibali kwa hatua, msingi kwanza na ada yake ndogo, kuta baadaye na ada yake. Iwe na ramani za vyumba viwili vitatu zilizokwisha kupitishwa, mwananchi achague bure badala ya kumtafuta mchoraji ambaye hana hela ya kumlipa. Na kibali kitoke ndani ya wiki, sio miezi. Mwenye mifuko kumi ya simenti leo akisubiri miezi mitatu simenti inaganda stoo na we unaendelea kukaa kijiweni. Mkikutana mafundi hapo Ujiji andikeni hayo kwa diwani wenu kabla halmashauri haijakaa kupanga bajeti, mwambieni asome barua kikaoni na nyie mkae kule nyuma msikilize.