Asilimia 100 ya wahakiki ina maana gani?

SWALI: Mhariri, kuna filamu ndogo ya hali halisi nataka kuitazama. Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya tahakiki za filamu, inaipa asilimia 100; Metacritic, tovuti nyingine ya aina hiyo, inaipa alama 62 kati ya 100. Nishike ipi?

JIBU: Ndugu msomaji, zote mbili zinaweza kuwa sahihi, maana hazipimi kitu kimoja. Rotten Tomatoes huhesabu ni wahakiki wangapi wameipenda filamu, si wameipenda kiasi gani. Wahakiki sita wakitoa nyota 3 kati ya 5, na zote zikahesabiwa kuwa nzuri, filamu inapata 100. Metacritic hugeuza kila tahakiki kuwa alama, kisha hutafuta wastani, baadhi ya wahakiki wakipewa uzito zaidi. Nyota 3 hizo ni 60 tu.

Kwa filamu huru, yaani zisizotoka kwenye studio kubwa, anza na idadi ya tahakiki. Zikiwa 6, mhakiki mmoja akiikataa filamu, asilimia ya Rotten Tomatoes inashuka hadi 83. Zikiwa 200, mmoja hatikisi kitu.

Kisha soma tahakiki mbili nzima, ya sifa na ya lawama. Je, mwandishi anataja nani amehojiwa na nani ameachwa? Picha za zamani zimetoka wapi? Muziki unalazimisha machozi? Anayeishia kusema “suala hili ni muhimu” amesifu mada, filamu hajaigusa. Kosa hili limejaa, na linaziumiza kazi nzuri.

Angalia na tarehe: tahakiki ya tamashani huenda ni ya toleo lililokuja kupunguzwa baadaye.