Dizaina haihifadhi objekti, inaandika msimbo

Ukianza kutengeneza kontroli zako mwenyewe kwenye Windows Forms, zana ya .NET ya kujengea madirisha ya programu, fungua kwanza lile faili la Designer.cs linaloandikwa na dizaina (chombo cha kuchorea fomu), tunaloambiwa sote tusiliguse. Usiliguse kweli, ila lisome. Ndani ya metodi yake InitializeComponent utakuta mistari kama button1.Location = new Point(12, 40); na hiyo ndiyo fomu yako yenyewe. Hakuna objekti iliyogandishwa mahali. Kuna kauli za C#, na programu ikiwashwa kauli hizo zinaijenga fomu upya.

Mimi nilichelewa kulielewa hilo. Niliandika kontroli yenye sifa iitwayo Nafasi, nikaibandika atributi (lebo ya maelezo) [DefaultValue(10)] nikidhani sasa itaanza na 10. Wapi! Atributi ile haiweki thamani yoyote. Inaiambia dizaina tu kwamba ikikuta 10 isiandike kauli. Uga wenyewe, yaani kigeu kinachotunza thamani ya sifa hiyo, ulikuwa umeanza na 0. Basi ukiandika 10, dizaina inaona ni thamani ya kawaida, inaruka mstari, na fomu ikifunguliwa tena unakuta 0. Ukiweka 9 inakaa, 11 inakaa, 10 inayeyuka. Nilishuku kila kitu isipokuwa mstari nilioubandika kwa mkono wangu. Siku hizi thamani ya mwanzo naiandika kwenye uga kwanza, ndipo atributi ifuate. Uamuzi ukiwa na masharti, natumia metodi ShouldSerializeNafasi: ikirudisha false, kauli haiandikwi.

Sifa ya orodha isiyo na set (yaani huwezi kuipa orodha mpya) itahitaji atributi ya DesignerSerializationVisibility.Content, la sivyo vilivyomo havitaandikwa.

Aina uliyoitunga mwenyewe ni habari nyingine. Point inaandikika kwa sababu ina TypeConverter (klasi ya kugeuza thamani kuwa umbo jingine) inayotoa InstanceDescriptor, yaani maelezo ya konstrakta ipi iitwe na kwa hoja zipi. Yako nayo ipe hivyo hivyo. Usiridhike kuiwekea [Serializable] tu, maana dizaina inaweza kuigeuza baiti na kuitupia kwenye .resx (faili la rasilimali za fomu), kazi iliyokuwa ya BinaryFormatter, klasi ya .NET ya kugeuza objekti kuwa baiti, na tangu .NET 9, iliyotoka 2024, BinaryFormatter iliyomo haifanyi kazi tena, ukiiita inatupa kosa.

CodeDomSerializer yako mwenyewe, yaani serializa inayoitungia dizaina kauli za msimbo, iandike mwisho kabisa, njia nyingine zikishindikana (mara nyingi hazishindikani). Ndani ya Serialize, iombe kwanza serializa ya klasi mama ifanye kazi yake, kisha uongeze kauli zako kwenye matokeo. Kagua kama matokeo hayo ni CodeStatementCollection (mkusanyiko wa kauli), kwa kuwa wakati mwingine ni usemi mmoja tu, na ukigeuza aina kwa "as" ya C# bila kuangalia null, kauli zako zinaachwa kimyakimya. Mimi huanza na CodeCommentStatement (kauli ya maoni tu) yenye neno moja la kipuuzi. Nikiliona kwenye Designer.cs, najua serializa yangu imeitwa, ndipo naandika kauli za kweli.