Kabla hujaipiga fomati hiyo laptopu, soma hapa

Mkuu, weka hiyo flashi ya Windows chini. Salamu tutapeana baadaye.

Umeandika kuwa jirani kakushtaki polisi kwamba unamnyanyasa kwenye grupu la mtaa, umepigiwa simu ufike kituoni kesho na laptopu yako, na mshikaji wako kakushauri uipige fomati, yaani ufute kila kitu, usiku huu ili "wasikute kitu". Ukauliza kama wana haki ya kuichukua bila kibali cha mahakama, watakaa nayo muda gani, nywila uwape au usiwape, na kazi za wateja zilizomo itakuwaje. Mimi nilipofika kwenye neno fomati damu ilinichemka, mengine nimeyasoma kwa shida.

La kibali nalimaliza haraka: wanaweza kuichukua. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, ya hapa Tanzania, kinampa mkuu wa kituo, OCS mwenyewe, uwezo wa kutoa amri ya kupekua na kuchukua kompyuta akiwa na sababu za msingi za kuamini ina ushahidi. Hakuna hakimu hapo. Hao wachangiaji wa juu wanaokuambia "wagomee mpaka walete kibali cha mahakama" waulize kama kesho watakusindikiza.

Sasa fomati.

Mimi nachapa kadi za harusi. Mwenyekiti wa kamati moja alinizungusha hela ya kadi mpaka maharusi wakapata mtoto. Nikawa namkumbusha kwa WhatsApp, na kuna usiku nilimkumbusha vibaya, sikatai. Akaenda polisi na skrinishoti za usiku ule tu: ananyanyaswa mtandaoni, hapati usingizi.

Nilipopigiwa simu nikampigia shemeji, ambaye kwenye kila msiba na kila sherehe ya ukoo wetu hujitambulisha kuwa ni mtu wa aiti. Akaja na flashi, akanywa chai, akafuta kila kitu, akaweka Windows mpya, akachukua elfu thelathini yake. Simu nayo akaisafisha, ofa. "Shem, bila ushahidi hakuna kesi." Anaongea huku anapangusa mikono kama daktari aliyetoka chumba cha upasuaji.

Kituoni mpelelezi akaiwasha. Picha ile ya bluu ya Windows mpya, faili hakuna hata moja, kikapu cha taka kitupu. Akauliza taratibu tu:

"Hii umenunua lini?"

"Muda sasa, afande. Kama miaka mitatu."

"Mbona imezaliwa juzi?"

Tarehe iliyowekwa Windows imo humo humo ndani, inasomeka na mtu yeyote. Mtu wa aiti hakulijua hilo! Na mpaka leo kwenye vikao vya familia bado anashauri watu.

Kifungu cha 22 cha sheria ile ile kinasema kufuta, kubadili au kuficha data kwa nia ya kukwamisha au kuchelewesha upelelezi ni kosa linalojitegemea. Faini isiyopungua milioni 3, au kifungo kisichopungua mwaka 1, au vyote viwili. Yaani nilikuwa na tuhuma moja, nikajiongezea ya pili sebuleni kwangu, tena nikimmiminia chai aliyeniletea.

Na wala siyo hilo linaloniuma zaidi. Ujumbe ukiufuta kwako, kwa mwenzako upo. Skrinishoti zake zilibaki salama kabisa. Kilichopotea ni cha kwangu: oda ya kadi niliyoskani yenye saini yake, sauti alizonirekodia akiutukana ukoo wangu, na ule ujumbe aliosema "nikumbushe kila siku nisije nikasahau". Huo, wakuu, ndio uliokuwa utetezi wangu wote. Kosa la unyanyasaji, kifungu cha 23, linasimama juu ya nia: kwamba ulituma ili kumshurutisha mtu, kumtisha, kumnyanyasa au kumtesa kihisia. Na adhabu yake inaanzia milioni 5 au miaka 3. Nia utaionyesha kwa mazungumzo yote tangu salamu ya kwanza, siyo kwa vipande alivyovichagua mlalamikaji. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ujumbe kama huo kupokelewa mahakamani, na moja ya yanayopimwa ni jinsi ulivyotunzwa. Mimi nilikuwa nao. Nikamlipa mtu aufute.

Yale ya unyanyasaji wazee waliyamaliza kwa kikao, mwenyekiti akalipa nusu. Hili la kufuta ndilo lililonifanya niripoti kituoni wiki baada ya wiki, laptopu imelala kabatini kama kielelezo, msimu wa harusi unapita hivi hivi naukodolea macho.

Kwa hiyo usifute. Usitoke kwenye grupu, usibonyeze ile ya kufuta kwa wote, hata picha ya aibu iache ilivyo. Wameshaona mabaya zaidi. Kazi za wateja nakili kwenye diski ya nje, kunakili siyo kufuta. Tafuta wakili usiku huu badala ya fundi. Na wakiichukua, dai hati ya ukamataji mali. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamtaka anayechukua kitu atoe stakabadhi, isainiwe na mwenye mali na mashahidi kama wapo. Hakikisha imeandikwa namba ile ndogo iliyo chini ya laptopu, maana "laptopu moja nyeusi" kwenye kabati la vielelezo ziko nyingi.

Nywila? Kwangu hilo halikufika. Windows ya shemeji haikuwa nayo.