Redio ya Android au ramani ya simu kwenye holda? Kuna njia ya tatu

Mkuu umesema redio iliyokuja na gari imekufa, sasa unajiuliza ufunge ile ya Android ya kioo kikubwa yenye ramani ndani au uweke redio ya kawaida tu na ramani uendelee kutumia simu kwenye holda, na umeuliza pia kama ni kweli hizi redio zinamaliza betri. Nitaandika kirefu maana mimi hii kitu naishi nayo, gari langu ni la kazi na safari zangu ni ndefu, na kuna vitu vingi muuzaji hakwambii, yeye anawasha kioo kinang'aa anakuonyesha RAM iliyoandikwa kwenye boksi basi umemaliza.

Kwa kifupi funga, ila hela yote usiimalizie kwenye kioo. Bakiza ya plagi za kuunganishia, antena na fundi anayejua anachofanya, maana raha na karaha ya hizi redio inatokea huko nyuma ya dashibodi kusikoonekana.

Tuanze na betri maana ndo imekutia hofu. Redio yenyewe ikifungwa sawasawa haimalizi betri. Ina waya tatu za umeme za kuangalia. Wa njano unatoka moja kwa moja betri, kazi yake kutunza kumbukumbu na ndo unabeba mzigo mkubwa, mwekundu unapata umeme ukifungua swichi tu, mweusi ni athi, yaani hasi. Sasa mafundi wa haraka haraka wanaunganisha mwekundu na wa njano pamoja, redio inawaka, wewe unalipa unaondoka. Kama wameziweka zote kwenye umeme wa moja kwa moja basi redio hailali kabisa, kioo unaweza kukizima lakini ndani bado inafanya kazi. Chukua mfano inavuta nusu ampea tu, kwa saa 24 hiyo ni ampea-saa 12, betri ndogo ya 45 ukiliacha gari siku 3 unakuta stata inaguna tu. Na kama wameziweka zote kwenye swichi inakuwa kinyume chake, kila ukizima inasahau kila kitu, stesheni zimepotea, saa imerudi mwanzo, na kila ukiwasha unasubiri iamke upya kama simu iliyotolewa betri.

Kuna magari mengine nafasi za waya hizo mbili kwenye plagi ya kiwandani zimepishana na za redio kwahiyo hata ukichomeka plagi kwa plagi tatizo linakuja, usimlaumu fundi kabla hujapima. Kupima ni rahisi, multimita unaiweka kwenye ampea, unafungua terminali ya hasi ya betri na kuipitishia mita katikati, gari limezimwa milango imefungwa, unasubiri nusu saa hivi mpaka vifaa vyote vilale alafu unasoma. Gari likiwa salama linasoma chini ya miliampea 50. Usijaribu kuwasha injini mita ikiwa hapo, utaunguza fyuzi yake. Na kwenye menyu za hizi za Android nyingi kuna sehemu ya kuchagua ilale muda gani kabla ya kuzima kabisa, ukiwa mtu wa kuliacha gari siku nyingi chagua muda mfupi. Itachelewa kidogo kuwaka lakini betri iko salama.

Na plagi ya kiwandani usikubali ikatwe. Zipo waya za kati zenye plagi ya gari upande mmoja na ya redio upande mwingine, ukija kuuza gari au kubadilisha redio unachomoa tu. Fundi akishika mkasi kabla hajashika mita muombe asubiri kwanza.

Kabla hujalipa toa redio ya zamani upime tundu. DIN ni vipimo vya kawaida vya redio za gari, DIN moja ni milimita 180 kwa 50, DIN mbili ni 180 kwa 100, alafu Toyota nyingi tundu lina upana wa 200 kwahiyo ukiweka ya 180 unahitaji vipande vya pembeni la sivyo unabaki na nyufa. Hizi za inchi 9 na 10 zinakuja na fremu ya gari husika, na kwenye baadhi ya magari kioo kinasimama mbele ya matundu ya AC au kinaziba swichi ya hazadi, zile taa za tahadhari. Hicho mimi siwezi kukikubali hata kioo kiwe kizuri vipi.

Sasa ramani, na hapa ndo watu wengi wanachanganya mambo. GPS haitumii bando. Ni kipokezi tu, kinasikiliza setilaiti zilizo juu kama kilomita 20,200 na kinahitaji 4 angalau kujua uko wapi. Kinachokula bando ni picha ya ramani na taarifa za foleni. Simu inapata location haraka kwa sababu inaletewa taarifa za setilaiti kupitia intaneti, redio isiyo na intaneti inabidi izipokee kutoka angani kidogo kidogo, setilaiti moja inachukua sekunde 30 kukupa taarifa zake na orodha kamili ya setilaiti zote ni dakika 12 na nusu. Kwahiyo redio mpya ikikaa bila kujua ilipo usikimbilie kusema ni mbovu, iweke nje penye anga wazi uipe muda.

Ila signo ile ni dhaifu sana na antena ndo kila kitu. Fundi aliyenifungia aliiacha imelala nyuma ya redio katikati ya vyuma, ramani ilikuwa inafanya kazi lakini mshale unaniweka barabara ya pembeni, nikikata kona wenyewe unaendelea mbele kwanza alafu ndo unageuka, kwenye makutano yenye njia mbili zilizokaribiana huwezi kuuamini kabisa. Niliitoa nikaipandisha juu ya dashibodi chini ya kioo cha mbele kwenye kona, uso wake ukiangalia juu. Kuna programu zinaonyesha nguvu ya kila setilaiti kwa vijiti, pale pale ukiisogeza mkononi unaona vijiti vinapanda na vingine vipya vinatokea. Kaa nayo hivyo mpaka upate pahali pazuri ndo ubandike. Plastiki haina shida inapita, chuma ndo adui, na tinti zenye madini ndani yake pia zinakata signo. Chaja za bei rahisi za kwenye tundu la sigara nazo zinasumbua, chomoa uone kama FM na GPS vinatulia.

Redio za ramani za makampuni makubwa nyingi zina kitu cha ziada, waya unaosoma mwendo kutoka kwenye gari pamoja na jairo ndani, yaani kihisio cha gari linavyogeuka, kwahiyo hata kwenye handaki mshale unaendelea kutembea. Za rahisi zikiingia handakini zinaganda mpaka utoke. Kama njia zako zina mahandaki au maghorofa marefu ulizia hicho kitu.

Kwa ramani zenyewe weka ya kutumia bila intaneti hata kama bando unalo, maana ukifika pasipo na mtandao ndo unapoihitaji kweli. Programu za OsmAnd na Organic Maps zinatumia ramani huria za OpenStreetMap, unapakua nchi nzima inakaa humo. Google Maps nayo unaweza kuhifadhi eneo ila lina muda wake, usipolihuisha ndani ya mwaka linafutika. Na mtu akikuuzia redio iliyotumika Japani yenye ramani kwenye SD au diski jua ramani ni ya Japani, na FM yao inaanzia 76, nyingi za zamani zinaishia 90, kwahiyo stesheni zilizo juu ya hapo huzipati. Zile za zamani zaidi kuna nyingine tarehe imerudi nyuma karibu miaka 20, hiyo sio betri, ni hesabu ya wiki za GPS ambayo inaanza upya kila baada ya wiki 1024, mara ya mwisho ilikuwa Aprili 2019.

Sasa njia ya tatu. Kama simu yako ni nzuri chukua redio yenye CarPlay (ya iPhone) au Android Auto (ya simu za Android). CarPlay ilitoka 2014, Android Auto 2015, saivi zipo hadi kwenye redio za kawaida kabisa. Simu ndo inafanya kazi, redio inakuwa kioo, spika na maiki. Faida yake kubwa ni kwamba Android ya ndani ya redio ikishatoka dukani ndo imetoka, masasisho hayaji, baada ya miaka michache programu zinaanza kukataa. Simu wewe unabadilisha, na redio inabaki ile ile inaendelea kuwa mpya. Yangu ni ya Android lakini ramani naitumia kupitia Android Auto, ile ya ndani nimebakiza akiba ya pasipo na mtandao. Na simu inakaa kivulini chini, haikai kwenye holda ikipigwa jua mpaka inapunguza mwanga yenyewe na kugoma kuchaji, hiyo peke yake kwa mtu wa safari ndefu inatosha kuacha holda.

Ukiwa dukani jaribu vitu viwili. Zima kabisa, washa, alafu weka rivasi hapo hapo, uone kamera inachukua muda gani kutokea. Redio nzuri inaleta picha ya nyuma hata kama Android bado haijaamka, mbaya unakuta umeshatoka kwenye maegesho ndo picha inakuja. Cha pili tafuta yenye kitufe cha kuzungusha cha sauti. Kwenye barabara ya mashimo kidole hakitulii, unataka kupunguza sauti unajikuta umebadilisha wimbo, kitufe unakishika bila kuangalia. Au hakikisha vitufe vya usukani vinaunganishwa, magari ya zamani kidogo ni waya mbili tu na redio unaifundisha kitufe kimoja kimoja, mapya yanahitaji kile kiboksi cha kutafsiri cha CAN, ule mtandao wa waya ambao kompyuta za gari zinawasiliana, ulizia kabisa kama kimo ndani ya bei.

Kuna waya wa handibreki, huo kazi yake ni kuzuia video wakati gari linatembea. Fundi atakwambia anaupeleka athi ili uangalie video muda wote. Mkuu kataa. Kwa mwendo wa 80 ukiangalia kioo sekunde 2 umeshapita mita 44 huoni mbele, na humo ndani kuna watu unaowapenda.

Sauti ndo imenifurahisha kuliko hata ramani. Kwanza usidanganyike na 4 kwa 50 watt, hicho ni kilele, nguvu ya kweli ya kuendelea kwa redio isiyo na amplifaya ya nje ni kama 20 kwa kila spika, na inatosha ukiitumia vizuri. Spika ndogo za mlangoni zikate besi chini ya hetsi 80 mpaka 100, utashangaa zinavyosafika maana zilikuwa zinahangaika na besi zisiyoiweza. Alafu kama redio ina mpangilio wa kuchelewesha spika kaa nao jioni moja umetulia. Sauti inatembea sentimita 34 hivi kwa milisekunde moja, spika iliyo karibu na wewe inawahi sikio ndo maana unaona kama mwimbaji amekaa mlangoni. Pima kwa futi kamba kutoka sikioni hadi kila spika, kama ya karibu iko sentimita 90 na ya mbali 140, icheleweshe ya karibu milisekunde 1.5 hivi. Weka wimbo wa sauti ya mtu mmoja na gitaa, ongeza kidogo kidogo, kuna mahali ukifika sauti inatoka mlangoni inahamia katikati ya dashibodi mbele yako, inasimama pale. Bila kununua kitu chochote.

Ukisikia mluzi unaopanda ukikanyaga mafuta huo ni umeme wa altaneta unaingia kwenye sauti, mara nyingi athi imefungwa kwenye skrubu yenye rangi au kutu, au waya za sauti zimelazwa pamoja na za umeme. Kwangura mpaka chuma kionekane, na waya hizo zipitishe pande tofauti za gari. FM ikiwa dhaifu tangu ubadilishe redio angalia waya wa buluu, magari mengi yenye antena ya kwenye kioo au fupi ya juu yana kikuza signo kinachohitaji umeme wa huo waya, usipounganishwa stesheni za mbali zinakufa zote.

Tupia hapa aina ya gari na mwaka wake, pia kama lina amplifaya ya kiwandani, maana likiwa nayo plagi ya kununua ni nyingine na ukikosea utakuwa na ramani nzuri bila sauti.